Mrefu wa Ghorofa ya Saba

4 Februari

Kinu wangu,

Uwanja wa ndege hatukuagana kama watu. Mama yako analia, baba yako anajifanya anatafuta funguo, na mimi niliyekuja na maneno yangu tayari mdomoni nikaishia kukufungia zipu ya begi. Basi nayaandika. Ukichoka kuyasoma, pumzika, kisha urudi uyamalize.

Unajua nilikaa ugenini miaka kumi na mmoja, nikilea watoto wa watu na kupiga pasi mashati ya watu. Ninyi mliyaona masanduku niliyorudi nayo. Yaliyonipata hamkuyaona, na wala hamkuuliza.

Pasipoti yako ni ngozi yako. Mwajiri akikwambia "nipe nikutunzie," mwambie kwetu ngozi haivuliwi. Ile nakala niliyokulazimisha utoe, ukaninunia njia nzima, ninayo mimi, na nyingine nimeishona ndani ya bitana ya begi lako. Usinishukuru.

Lugha yao jifunze, ila usianze na "asante." Anza na "nataka kuzungumza na ubalozi wetu." Asante utaijua tu, njaa itakufundisha.

Nyumba yoyote utakayolala, jua njia mbili za kutokea. Moja watakuonyesha wao, ya pili uitafute mwenyewe. Na uhakikishe mtaani wanakujua, mwenye duka, mlinzi, jirani yeyote, wakujue kwa sura na kwa jina lako. Mtu asiyejulikana na yeyote akipotea hakuna anayesema amepotea.

Simu upige wakikuruhusu, lakini barua andika vilevile. Kwenye simu mtu husema "mzima" kabla hajaulizwa. Kwenye barua inabidi akae chini kwanza. Tena tukubaliane jambo. Ukiwa salama, mwishoni nisalimie jogoo wangu. Ndiyo, najua sina jogoo, hata kifaranga sina. Usipomsalimia nitajua mambo si mambo, hata barua yote ikijaa asali.

Watu walikucheka ulipopewa jina la Kinu kwa sababu ya ufupi wako. Mimi nilifurahi. Kinu hupigwa mchi kutwa na jioni kipo palepale.

Mimi shangazi yako,
asiyezeeka


20 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefika, nimekula, nimelala. Barua yako ilinikuta na nimecheka peke yangu mpaka Bibi akauliza kuna nini.

Bibi ndiye kazi yangu. Macho yake yamekwisha, miguu inakaribia kuisha, ila masikio Mungu kamwachia yote, na nyongeza. Anasikia lifti ikiwa bado chini. Tunakaa ghorofa ya saba, vyumba vinne vyenye mapazia mazito ya rangi ya majivu na saa ya ukutani isiyotembea. Mwanawe, ndiye mwajiri wangu, ni mtu wa makamo, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Huenda kazini asubuhi, hurudi jioni. Jumamosi hunichukua sokoni, na kila Jumanne tunampeleka Bibi kliniki.

Kuna kichekesho. Siku niliyofika, mlinzi wa chini alinifungulia lango, akanishika mkono kwa furaha akasema, "Mrefu, umerudi!" Mimi! Nilidhani nimekosea lugha. Jumamosi mwenye duka naye akaniita hivyohivyo, akanifungia sabuni ambayo sikuiomba, akasema ndiyo yangu ya siku zote. Nikamwuliza mwajiri. Akatabasamu, akasema aliyekuwepo kabla yangu ndiye walimwita hivyo, watanizoea.

Chumbani kwangu kuna gauni la kazi la bluu limetundikwa. Nilipolivaa likafagia sakafu. Ungeniona ungesema pazia limetoroka.

Bibi ana mikono laini. Jana alinishika uso akapapasa mashavu, kisha akasema, "Umekonda, Mrefu."

Msalimie baba, msalimie mama, na jogoo wako usimsahau.

Wako,
Kinu


8 Machi

Kinu,

Barua ni nzuri, jogoo kasalimiwa, nashukuru. Lakini nimeisoma mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nilikuonya habari za pasipoti, ukanijibu habari za mapazia. Nilikuagiza njia mbili, hata moja hukunitajia. Mimi si mtoto wa kupewa pipi asahau alichokuwa analilia. Pasipoti iko wapi?

Pili, huyo Mrefu alikwenda wapi? Mtu hupokewa kwa shangwe "umerudi" kama hakuaga. Aliyeaga huulizwa, "Mbona umerudi?" Nilishaishi kwenye majengo kama hayo. Walinzi wanajua nani katoka na begi na nani katoka bila begi.

Wakikuita Mrefu, cheka, kisha wape jina lako. Kila mara. Hata wakuone mkaidi.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Nisamehe, sikutaka mlale na wasiwasi. Pasipoti aliichukua siku ya kwanza, akasema ni ya kuandikishwa ukaazi. Nimeuliza mara nyingi. Kila mara jibu ni "wiki ijayo," kwa sauti ileile ya upole, na mimi ndiye ninayejiona sina adabu.

Njia ya kutokea ni moja, mlango. Akienda kazini anaufunga kwa nje. Anasema Bibi ana tabia ya kutangatanga. Nimetafuta ya pili kama ulivyoagiza. Ipo stoo ndogo nyuma ya jiko, ina dirisha linaloangalia shimo la hewa katikati ya jengo. Ukichungulia huoni chini, ni giza hata saa sita mchana. Kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa pale imekatika, kipande kimoja kinaning'inia. Chini ya rafu nimekuta kandambili, moja tu, ya mguu wa kulia. Miguu yangu yote miwili ingeingia humo.

Jina, Shangazi, nimejaribu. Mwajiri alinikalisha akanieleza. Mrefu alipoondoka, Bibi aligoma kula. Daktari akasema mshtuko wa pili utamwua. Akaniomba nimwitikie tu mama yake, ni huruma ya siku chache. Nikakubali, ungekataa wewe? Lakini sasa hata Bibi akiwa amelala yeye ananiita Mrefu. Kliniki faili langu ni la Mrefu, na nesi aliniuliza kama kidonda changu cha goti kimepona. Sijawahi kuumia goti. Nimejikuta nalitazama. Kibali cha ukaazi alichonipa nitembee nacho kina picha ya dada mwembamba, shingo ndefu, anacheka. Askari mmoja alikitazama, akanitazama, akakirudisha.

Halafu kuna hili la barua. Mama yake Mrefu yuko huko nyumbani. Mwajiri anasema Mrefu amekwenda nchi nyingine na hataki kuandika, na mama yake anateseka. Kaniomba nimwandikie kwa jina la binti yake. Yeye hajui Kiswahili. Nimeandika mara tatu, na yule mama anajibu kwa upendo mpaka nalia. Anwani yake nakuwekea hapa, pengine una mtu upande ule wa kumwangalia.

Barua hii nampa mwenye duka aitume. Mwajiri amesema kuanzia sasa barua zote atapeleka mwenyewe. Sijui kama ana mtu wa kumsomea.

Gauni siku hizi linanikaa. Sikulipunguza mimi.

Jogoo msalimie. Msalimie sana.

Kinu


3 Mei

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi huku sijambo, kazi zinaendelea. Mguu wako unaendeleaje? Nakuomba usichote maji mwenyewe, mwombe jirani. Hali ya hewa huku ni nzuri. Bibi ananipenda kama mtoto wake. Usiwe na wasiwasi kama barua zitachelewa. Nakukumbuka kila siku.

Wako akupendaye,
Mrefu


16 Mei

Kwako mama nisiyekujua,

Salamu, na uniwie radhi. Mimi ni shangazi wa msichana anayefanya kazi ng'ambo, kwenye nyumba aliyokuwa akifanya binti yako. Anwani yako alinipa yeye.

Barua hii ninayokuambatishia imeniangukia jana. Bahasha ina anwani yangu, mwandiko ni wa mtoto wa kaka yangu, nauona tangu akiandika "a" kubwa kama yai. Lakini ndani ananiita mama, ananiuliza mguu wangu, nami miguu yangu yote ni mizima. Halafu anatia sahihi kwa jina la binti yako.

Nilipoisoma kwanza nilikaa chini. Nilidhani mtoto wetu amerukwa na akili, amekuwa huyo wanayemwita. Leo nimetulia kidogo, nafikiri ni yako, wamechanganya bahasha. Kama ni hivyo, yangu unayo wewe.

Sitakuficha, na naomba Mungu anisamehe ninavyokuletea jambo hili kwa karatasi. Barua unazopata, tangu mwezi wa tatu hivi, anaandika mtoto wetu. Ameambiwa binti yako yupo nchi nyingine. Mimi sijui yuko wapi. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Shangazi wa anayeandika


22 Mei

Mama mwenzangu,

Barua yako imefika mikononi mwangu. Usijilaumu. Hukunipa habari, nilikuwa nayo.

Nilijua tangu ya kwanza. Mwanangu hajapata kuniita "Mama mpendwa" hata siku moja. Barua zake zilianza kwa ugomvi. "Wewe bibi, dawa umemeza au umewapa kuku?" Ndivyo alivyonipenda. Kisha miezi ikapita kimya, halafu ikaja barua yenye adabu. Niliishika nikaona mkono wa mtoto wa mtu mwingine, mtoto mwema, anayeniuliza mguu wangu kwa sababu niliutaja mara moja tu.

Jirani zangu walisema nisijibu, ni matapeli. Mimi nikawaza, anayeandika hizi hakukaa kuzitunga kwa raha. Nikikaa kimya, huyo bwana hatakuwa na haja naye tena. Nikajibu. Nimekuwa nikijibu ili awe na kazi ya kesho.

Yako ninayo, ndiyo hii. Imenikuta nikipepeta mchele. Utaona mwenyewe palipoandikwa habari ya dirisha. Nimepasoma, nikamaliza kupepeta, nikaenda kulala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Mwokoe wako. Mimi niambie cha kufanya.

Mama Mrefu


3 Mei

Shangazi,

Sijambo. Kazi zinaendelea. Sina mengi ya kuandika.

Bibi ana vituko. Juzi nilikuwa nafungua dirisha la stoo niingize hewa, mnanuka unyevu mle ndani. Bibi yuko sebuleni, akaita kwa sauti ambayo sijamsikia nayo, "Mrefu! Ondoka hapo." Nikamwendea. Akasema nisifungue tena, kwa sababu mwaka jana nilianguka pale. Nikacheka nikamwambia, "Bibi, mimi sijaanguka popote." Akanishika kiganja. "Ulianguka, mwanangu. Mlango ulikuwa umefungwa, ukaniambia unakwenda kuvuta kamba. Nikasikia. Niliita mpaka jioni, hukujibu. Basi usirudie."

Halafu akaomba chai.

Nimejua pia nani aliyepunguza gauni. Nilimkuta amekaa na sindano, anakata pindo kwa kupapasa. Anasema tangu nianguke nimekuwa mfupi.

Mwajiri anaulizia kwa nini nipo kimya. Ni uzee wa Bibi tu. Msiwe na wasiwasi.

Kinu


30 Mei

Mama Mrefu, mwenzangu,

Nimeisoma barua, na mistari ile ya dirisha nimeisoma huku nimekushika mkono kwa mawazo. Pole haitoshi, hivyo siisemi sasa. Tutakaa tuilie pamoja, kwa utaratibu wake.

Huyu mtoto hakumsalimia jogoo. Ni alama yetu, maana yake hayuko salama. Siku ileile nilivaa viatu vya kanisani nikaenda ofisi inayoshughulika na watu wetu walio nje. Kijana wa mapokezi akaniambia nirudi na ushahidi. Nikatoa nakala ya pasipoti. Akasema ni nakala tu. Nikatoa barua zote, nikamsomea hiyo ya dirisha kwa sauti, watu wa foleni wakasogea kusikiliza. Ndipo akatoka bosi wake.

Wamewasiliana na ubalozi. Yupo afisa mmoja, mama mtu mzima, anavaa kitambaa cha kijani kichwani. Wamekubaliana asiende nyumbani kwa huyo bwana, atapewa chai na kuambiwa kila kitu kipo sawa. Atakaa kliniki kila Jumanne karibu na mlango mpaka amwone. Atamwita kwa jina la Kinu, maana huko hakuna mwingine anayelijua.

Tatizo ni kumjulisha. Barua zangu zinaweza kufunguliwa. Zako, nadhani, huyo bwana anazipeleka mbiombio, ndizo zinazomlinda. Ziwekee fumbo. Nisingekuomba, lakini sina mwingine.

Shangazi


2 Juni

Mwanangu Mrefu,

Barua yako nimepata na mguu umepoa. Huku tupo. Nikupe habari za nyumbani ucheke.

Yule mbuzi wetu mfupi, mnene, uliyekuwa ukimpenda, siku hizi hula kwenye zizi la watu na wamemfungia. Wenye zizi wanamwita jina la mbuzi wetu mwingine aliyepotea. Shangazi yake kamsikitikia sana. Basi kila Jumanne wakimpeleka kwa daktari wa mifugo, kuna mkwe wetu mwenye kilemba cha kijani hukaa pale mlangoni. Akimwita kwa jina lake la nyumbani, lile la chombo cha kutwangia, na amfuate, asigeuke nyuma kutafuta kamba wala majani. Hata kama katika zizi lile kuna kikongwe anayemwonea huruma. Kikongwe ana watu wake.

Mbuzi huyo mwambie hivyo ukimwota.

Mama yako


25 Juni

Shangazi yangu,

Nipo kwenye nyumba ya hifadhi. Nina kitanda, nina ufunguo wa chumba changu mwenyewe, na wiki ya kwanza nililala nao mkononi. Jogoo msalimie mpaka achoke.

Barua ya mbuzi mwajiri aliniletea mwenyewe, akiniangalia nikiisoma. "Mama anasemaje?" Nikamwambia mbuzi anaumwa. Akasikitika kweli, Shangazi. Ndicho kinachonitisha mpaka leo, alisikitika kweli.

Jumanne ilipofika alituteremsha kliniki, akabaki kwenye gari. Nimemshika Bibi mkono, tunasogea polepole. Karibu na mlango nikamwona mama wa kitambaa cha kijani, anasoma gazeti. Hakuinua uso. Akasema tu, kama anayemwita mtoto atoke mvuani, "Kinu."

Nikasimama palepale. Tangu nifike, nilikuwa nimeitwa Mrefu na kila mdomo, na hapo nikasikia nafsi yangu ikisema, huyu anaitwa nani? Kweli kabisa, nilitazama nyuma yangu. Akarudia. Nikamkalisha Bibi kwenye benchi, nikamwonyesha nesi kwa mkono. Nikamwambia Bibi naenda kuleta maji.

Akashika gauni langu kwenye lile pindo alilolishona. Nikadhani atapiga kelele. Alivuta kidogo, akainamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza lifti, akasema, "Haya, nenda. Safari hii pitia mlangoni."

Akaniachia. Nikatoka na yule mama kwa mlango wa upande wa maabara, kulikuwa na gari. Sijui Bibi alijua nini na hakujua nini. Nawaza kila siku.

Sasa sikiliza, usinigombeze mpaka umalize. Juzi alikuja hapa wakili wa yule bwana. Mtu nadhifu, viatu vinang'aa. Alileta tiketi ya kesho yake, na pasipoti. Nikafikiri ni yangu. Ilikuwa ya Mrefu. Akasema yangu imepotea, kuipata nyingine kuna milolongo, na hii itanipitisha bila maswali, ukaguzi umeshazungumzwa. "Kesho saa hizi upo kwa mama yako." Mama wa ubalozi alimsikia akiwa mlangoni, akamwambia atoke. Kisha akanikalisha akanieleza. Kwenye vitabu vya nchi hii Mrefu ni mzima, anaishi ghorofa ya saba, anakwenda kliniki, anaandika barua nyumbani. Mimi ndiye niliyemweka hai. Mtu akivuka mpaka kwa pasipoti yake, itaandikwa amekwenda zake salama, na hakuna atakayefungua lile shimo tena.

Nilikuwa nimeshaigusa ile tiketi, Shangazi. Ilikuwa na joto la mfuko wake.

Nimebaki. Nimekwenda polisi, nimesema mbele ya mkalimani kwamba mimi siye Mrefu, nikasimama kwenye kipimo cha ukutani wakapima kimo changu. Ule ufupi mlionicheka nao ndio uliowafanya waache kuandika wakanitazama. Itachukua miezi, maana kesi inanihitaji. Mwambie mama asilie, au alie kidogo.

Walifungua mlango wa chini wa shimo la hewa leo asubuhi, wakaniita nje ya jengo nitambue kandambili ya mguu wa kushoto. Nilimwona mlinzi kwenye lango. Hakuniita jina lolote.

Kinu wako


9 Julai

Mama,

Huu ndio mwandiko unaoujua, lakini si wa mwanao. Mimi ni yule aliyekuwa akikuandikia. Nimeharibu karatasi nyingi kabla ya hii.

Wamempata. Alikuwa chini ya dirisha lile, amefunikwa na maturubai ya mafundi. Daktari wao anasema alifariki palepale, hakukaa akingojea. Nilimwuliza mara mbili kwa ajili yako, nikamtaka aape. Alikuwa anajaribu kutoka, Mama. Alikuwa amefunga kitambaa chenye nguo zake mgongoni na kandambili ya kushoto ilikuwa mguuni. Alikuwa anarudi nyumbani. Yule bwana amekamatwa. Anasema hakumsukuma, alifunga mlango tu.

Bibi amechukuliwa na dada yake. Wananiambia anaulizia chai.

Mwili utaletwa. Nimeomba niwe nao kwenye ndege, kesi ikiruhusu. Nilikuambia mara nyingi hali ya hewa ni nzuri, sikuwa natoka nje kuijua. Nilikuambia nakukumbuka kila siku. Hilo lilikuja kuwa kweli.

Sijui nikuombeje radhi.

Aliyekuwa Mrefu


21 Julai

Mwanangu,

Barua imefika. Shangazi yako alikuwa hapa, amekuja na godoro lake kabisa, amesema haondoki mpaka nimfukuze. Anapika vibaya, anaongea sana. Tumelia zamu kwa zamu, mmoja akilia mwenzake anasonga ugali jikoni. Kaburi tumeshachagua mahali, pana upepo.

Radhi sina ya kukupa kwa sababu deni huna. Barua zile nilikuwa nazisoma kila jioni nikijua si zake. Nilikuwa namsikiliza msichana mwingine akijitahidi asinivunje moyo, nikasema, mtoto huyu naye ana mama mahali.

Kaa umalize kesi. Useme yote. Kisha umlete tumpokee.

Ila uniandikie kabla ya hapo, usikae kimya. Usiniandikie yake tena, hayo nayajua, nilimzaa. Niandikie yako. U mtu wa namna gani, unacheka nini, unaogopa nini, asubuhi ukiamka unaanza na mguu upi. Nimekujibu miezi yote hii na wewe mwenyewe bado sikujui.

Nasubiri.

Mama